Mchujo wa Ohio, Matanga ya Kingsbury

Ohio, 9 Februari 1986

Shangazi yangu Time,

Nakushika miguu, na Nasim naye mpe mkono wangu, ingawa najua binti yako hapendi salamu ndefu. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonionea. Theluji imefika kwenye kitasa cha mlango na basi la skuli halikuja siku mbili. Kanga ulizonipelekea kwa posta nimezipata. Moja nimeitandika mezani kwangu ofisini na walimu kila siku wananiuliza inasema nini. Mimi nacheka tu, maana ile nyekundu haitafsiriki mbele ya watoto, Shangazi, na wewe unajua.

Baba umemwona? Aliniandikia Novemba kwamba kifua kinamsumbua, tangu hapo kimya. Peckham na Kingsbury zote ziko Landani. Kama hukwenda mwenyewe, basi hata umtume mtu akamtazame.

Sasa nina jambo. Unamkumbuka Bwana Douglas, mjumbe wetu kwenye baraza la jimbo, yule aliyenisimamia karatasi zangu mpaka nikapata uraia? Uchaguzi ni Novemba. Lakini kabla ya huo, mwezi wa Mei, kuna uchaguzi mwingine wa chama chenyewe kwa chenyewe. Wenyewe wanauita praimari, mimi nauita mchujo. Mwalimu mkuu wangu, Bi Marlene, ametia jina lake ampinge Bwana Douglas, na wote wawili ni chama kimoja. Ananitaka nisimame naye, nizungumze kwenye mikutano, kwa kuwa wazazi wa skuli wananijua mimi kuliko wanavyomjua yeye.

Nimemwambia ntafikiri. Nafikiri wiki ya pili sasa na sijafika popote. Nisaidie.

Mwanao,
Suad

Peckham, 27 Februari 1986

Mwanangu Suad,

Salamu zako zimefika, na Nasim amezipokea kwa Kiingereza chake. Sisi wazima. Lifti ya jengo imekufa tangu Krismasi, napanda ghorofa nne kwa miguu na magoti yangu yananisemesha kila ngazi. Hospitali nako ile mashine kubwa ya kufulia imeharibika, mashuka yote tunayapitisha kwenye ndogo, zamu zinakwenda mpaka tunasahau siku. Lakini alhamdulillahi, mkono unakwenda kinywani.

Barua yako nimeisoma mara tatu na sikuelewa kitu. Nikampa Nasim. Akasoma, akasema, “Mum, it's simple.” Nikamwambia haya, nieleze hiyo simple. Akanieleza, nikazidi kupotea.

Hebu nijibu mwenyewe. Huyu mwalimu wako ni wa chama kile kile? Basi anampingaje mwenziwe? Chama kimekaa kinatazama? Hakuna mwenyekiti wa kumwita akamwambia, bibi wee, kaa kitako, jina limeshapita? Na wakishararuana Mei, Novemba watapanda vipi jukwaa moja? Nani atampigia makofi nani?

Na wewe! Mtu amekuhangaikia karatasi zako, amekusimamia mbele ya hakimu ukala kiapo chao, leo usimame hadharani umpinge? Suad, usinitie aibu mimi. Kaa na mashine yako ya kupiga chapa. Mambo ya vyama hayana shukurani hata kidogo, na wanaoumia si wanaopiga kelele.

Babako nimesikia yuko mzima.

Shangazi yako,
Time binti Ameir

Ohio, 18 Machi 1986

Shangazi,

Shikamoo. Pole na ngazi, na pole na mashuka. Theluji imeyeyuka, sasa ni tope, viatu vyangu vyote vimekuwa rangi moja. Nimenunua kochi. Ukija Marekani utalala juu yake kama bibi harusi.

Maswali yako niliyasoma kwa sauti chumbani, nikacheka, kisha nikaona yana haki. Nakujibu.

Katika sehemu yetu hii chama cha pili hakishindi. Tangu viwanda vilipofunguliwa hakijashinda, kinatia jina la mgombea wake kama desturi tu. Kwa hiyo Bwana Douglas akishapitishwa na chama chake, amekwisha kuwa mjumbe, hata Novemba watu wakilala. Na miaka kumi na minne amepita peke yake. Karatasi ya Mei ilikuwa na jina moja, unaweka alama au huweki. Wametufungia skuli mbili, hakuja hata kutuangalia usoni. Si mtu mbaya, Shangazi. Amezoea tu kwamba hakuna wa kumwuliza. Novemba hapa ni siku ya harusi. Posa inapita Mei, na kama Mei hakuna mwengine aliyeleta posa, bibi harusi atachagua nini?

Mwenyekiti wa chama yupo. Amekasirika, lakini hana uwezo wa kumkataza mtu. Na kadi za chama hakuna. Siku ya kura unafika mezani, karani anakuuliza unataka karatasi ya chama gani, unamwambia, anakupa. Basi.

Nimemkubalia Bi Marlene. Kwenye mkutano wa kwanza nilisimama, nikazungumza. Bwana Douglas alikuwepo, kaja kusikiliza. Nilipomaliza akaja kwangu akaniambia nimezungumza vizuri, na kwamba pale nilipotaja skuli ya pili nimekosea mwaka. Nikamshukuru. Mpaka leo sijui ilikuwa hasira au upole.

Sasa na mimi nikuulize. “Nimesikia” umesikia kwa nani? Maana mimi nilimpigia Baba simu. Yuko mzima, anakohoa. Nikamweleza habari za mchujo, nikamwuliza kwetu zamani mambo haya yalikuwaje. Akasema, “Muulize shangazi yako. Mumewe ndiye aliyekuwa katibu.”

Katibu wa nini?

Suad

Peckham, 4 Aprili 1986

Suad mwanangu,

Wa alaykumu salamu. Nimepata kochi lako, maana yake habari zake. Nasim kaanza kazi ofisini kwa mawakili, anaondoka na viatu vya raba, vya visigino kavitia mkobani. Ukimwona utadhani anahama.

Katibu wa tawi. Tawi la chama mtaani kwetu. Mambo ya zamani hayo, na marehemu mume wangu kishalala, tumwache alale.

Tuzungumze yako. Nimefikiri, nikasema labda huo mchujo wenu ni kama kule bara, mgombea wa jembe na mgombea wa nyumba, wote wa chama kimoja, na mtu anachagua picha. Nikafurahi kwamba nimeelewa. Kisha nikakumbuka bara chama chenyewe ndicho kilichokuwa kikichuja majina kabla ya kuwapa watu, na huko kwenu hakuna anayechuja, kila anayetaka anatia jina. Nikarudi kule kule gizani.

Na kadi hakuna! Mtu anafika mezani anasema leo mimi wa huku, wanampa! Lo! Suad, kwetu mimi nimeona wanawake wakiachwa kwa sababu ya kadi. Nimeona mtu anahama msikiti. Mkate wa bofulo, nakwambia, mkate wa bofulo ulikuwa na chama, ukinunua duka lile umeshajulikana. Wewe unanambia mtu anasimama mbele ya watu, anampinga aliyemtendea wema, na yule anakuja kumsahihisha mwaka! Ama huyo Douglas wako ni walii ama anakutafutia siku yako.

Jihadhari. Wa chama kingine akikuchukia, umeshamjua. Wa chama chako anakujua unapoishi, unapokula na nani atakuzika.

Nimekwambia na nimenyamaza.

Shangazi yako

Ohio, 15 Aprili 1986

Shangazi,

Najua barua hii haitawahi, lakini nisipoandika ntapasuka. Salamu ziko pale pale, Nasim mpongeze kwa kazi.

Mke wa Bwana Douglas amefariki Jumapili. Moyo. Alikuwa akija skuli kusomea watoto hadithi, nilikuwa nikimpa chai. Siku niliyokula kiapo cha uraia yeye ndiye aliyenifunga vifungo vya koti kwa sababu mimi nilikuwa nimevikosea. Maziko ni Ijumaa hii. Kura imebaki wiki tatu.

Hapa pamekuwa na mabishano. Wengine wa upande wetu wanasema twende wote. Wengine wanasema tukienda tutaonekana tunatafuta kura juu ya jeneza. Mwengine akasema tupeleke maua na kadi, tusionekane nyuso. Bi Marlene mwenyewe hajaamua. Wamenigeukia mimi wakaniuliza, “Kwenu mngefanyaje?”

Nimeondoka kwetu mdogo. Sijui kwetu tungefanyaje.

Wewe ulikuwepo. Siku za vyama, mtu wa upande mwengine akifiwa, watu walikwenda? Na mtu wa chama chako mliyegombana naye akifiwa?

Nimekupigia simu mara mbili leo, saa saba za mchana zenu na saa kumi. Mara zote mbili Nasim amesema umelala. Tangu lini wewe unalala mchana?

Suad

Ohio, 11 Mei 1986

Shangazi Time,

Ramadhani njema wewe na Nasim. Mimi nafunga peke yangu, nafungua kwa tende za dukani zilizokauka kama ngozi. Wiki ya nne hii sijapata mstari wako. Kama unaumwa, Nasim angeniandikia. Kwa hiyo huumwi.

Nilikwenda kuzika. Sikungoja wakubaliane. Nilipika wali wa nazi na kuku, nikatia kwenye bakuli kubwa la kioo. Hapa wana desturi, unabandika kipande cha plasta chini ya bakuli unaandika jina lako, wafiwa wajue wa kumrudishia. Nikaandika SUAD. Nilipofika mlangoni kwa Bwana Douglas niliogopa nikataka kurudi, na nyuma yangu nikasikia gari. Bi Marlene kateremka na bakuli lake. Nyuma yake wengine, hata yule wa maua. Tukasimama foleni na mabakuli. Bwana Douglas alitupokea mmoja mmoja. Mimi alinambia, “Nilijua utakuja,” na mimi nikalia kama mtoto, yeye mfiwa ndiye akanipa kitambaa.

Jumatatu yake wakaanza tena kushambuliana kwenye redio. Yeye akamwita Bi Marlene mtu asiyejua hata milango ya baraza iko wapi. Bi Marlene akasema kweli, watu wa kawaida hawajawahi kufunguliwa. Mimi nilikuwa katikati, sijui nishike lipi. Hawa watu ni maadui au si maadui? Na mimi ni mtu wa namna gani, asubuhi nagawa karatasi dhidi yake, jioni nampelekea supu?

Kura ilikuwa Jumanne iliyopita. Foleni ilifika barabarani, watu wanasema hawajaona foleni ya Mei maisha yao. Bi Marlene ameshinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili.

Jumatano asubuhi Bwana Douglas alikuja skuli. Alimpa mkono Bi Marlene mbele ya watoto, akamwambia Novemba atamzungukia nyumba kwa nyumba kumwombea kura. Kisha akaja mezani kwangu. Alikuwa na bakuli langu, kalisafisha, na ndani katia chupa ya jamu aliyoipika marehemu. Akaniuliza ile kanga inasema nini. Nikamwambia. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Watu wananiuliza nimempigia nani, na wanadhani wanajua. Mle ndani mna pazia, Shangazi. Nilikaa nyuma ya pazia dakika nyingi mpaka karani akakohoa. Nilichokifanya sitamwambia mtu, wewe ukiwa mmoja wao. Wewe una lako unalonificha, na mimi nina langu sasa.

Lakini swali langu la Aprili bado liko pale pale.

Suad

Peckham, 25 Mei 1986

Mwanangu,

Ramadhani njema. Siku za huku ni ndefu, magharibi inaingia saa tatu na bado kuna mwanga. Mtu aliyefunga kutwa hana nguvu ya kusema uongo, basi nakuandikia leo. Barua tatu nimezichana kabla ya hii.

Uliponipigia simu sikuwa nimelala. Nilikuwa nimesimama jikoni namwashiria Nasim kwa mwiko aseme nimelala. Masikini mtoto, alisema uongo mara mbili kwa ajili yangu na wala hajaniuliza kwa nini.

Mwaka wa sitini na tatu, kabla ya ule uchaguzi wa Julai, tawi letu lililetewa jina la mgombea. Mzee Matar. Mtu mzima, mheshimiwa, nusu kiziwi. Watu wote wakapiga makofi. Babako akasimama. Akasema, “Mzee Matar tumpe heshima zake, lakini kwanza tupige kura sisi wenyewe humu ndani, na jina langu liandikeni.” Hayo tu, Suad. Ndiyo hiyo praimari yako. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nikaona haya mpaka nikajifunika uso.

Mume wangu ndiye katibu. Akafungua daftari akaandika. Jina la kugombea hakuliandika. Aliandika kwamba Muhiddin bin Ameir ametoka katika chama, na nyumba yake isiingiwe, kwa harusi wala kwa maziko. Likasomwa, watu wakaitikia. Na mimi niliitikia. Nilimjua ndugu yangu tangu ananyonya, na niliitikia.

Siku ya kumi na moja mamako akashikwa na uchungu. Hakuokoka, wala kitoto hakikuokoka.

Zena alikuwa wifi yangu. Yeye ndiye aliyenisuka siku ya harusi yangu, akanisinga mwili, akanifundisha kupika maana mimi jikoni nilikuwa bure. Unajua desturi zetu. Kumwosha kulikuwa kwangu mimi. Nyumba yangu ilikuwa ya sita tu kutoka kwao, na sikwenda. Akaoshwa na wanawake wawili wa mtaa wa pili, wa chama kile kingine, waliosikia kwamba maiti haina watu wakaona huruma. Jeneza likabebwa na watu hawafiki kumi, hata zamu ya kupokezana hawakuwa nayo.

Wewe ulikuwa na miaka minne. Walikukalisha barazani kwa jirani, mbele ya dirisha langu. Ukaniona. Ukaita, “Shangazi!” Ukaita tena. Nikavuta dirisha nikalifunga.

Hakuna aliyenifunga kamba, Suad. Mume wangu alikuwa tawini. Mlango ulikuwa wazi.

Uchaguzi tulishinda. Januari yakaja Mapinduzi, chama kikafutwa, sote tukakimbia, na daftari lile nilisikia liliwashiwa moto wa kuchemshia chai. Mimi na babako tukaangukia mji mmoja huku Ulaya, na miaka yote hii sijapanda treni kwenda kwake, kwa sababu ningefika ningesema nini?

Umeniuliza kwetu tungefanyaje. Hivyo ndivyo mimi nilivyofanya.

Time

Ohio, 16 Juni 1986

Shangazi,

Barua yako nimetembea nayo mkobani wiki mbili. Sikukuu imepita, sikuandika, utanisamehe au hutanisamehe.

Dirisha nalikumbuka. Lilikuwa la kijani. Siku zote nilidhani ni ndoto ya homa.

Nilipokuwa na miaka kumi na tano nilikuja Peckham mwenyewe na yunifomu ya skuli, nikagonga, nikakwambia mimi Suad wa Muhiddin. Ulinishika uso kwa mikono miwili. Miaka mitatu nilikaa chini ya magoti yako kila Jumamosi unanisuka, unanichekesha, na Baba nyumbani haniulizi ninatoka wapi. Mimi nikidhani mmegombania urithi. Ulikuwa unanisuka kwa mikono ile ile, na hukusema!

Nimejaribu kukuchukia, zile Jumamosi zinanizuia. Nimejaribu kukusamehe, dirisha linanizuia. Sijui nikuandike mpenzi au nikuandike nini.

Hata hivyo mimi nilikuwa mtoto. Aliyefiwa na mke ni Baba, na yuko Kingsbury.

Suad

Peckham, 7 Julai 1986

Suad mwanangu,

Sijui umeikunjua barua hii kwa moyo gani, lakini isome mpaka mwisho, kisha uichane ukitaka. Sisi wazima. Lifti imetengenezwa Ijumaa, Jumapili ikafa tena.

Juzi Jumamosi nilipika wali wa nazi na kuku. Nilikuiga wewe, wala sioni haya kusema. Nikatia kwenye sufuria yangu kubwa, nikabandika plasta chini nikaandika TIME, Nasim akaniuliza, “Mum, are you OK?” Nikafunga sufuria kwa kanga, nikajitanda ile nyeupe kama mtu anayekwenda msibani. Nikapanda basi namba kumi na mbili mpaka Charing Cross, kisha Tube, treni yao ya chini ya ardhi. Mwanamme mmoja wa Kizungu alinipisha kiti, nikakaa na sufuria mapajani, behewa zima linanuka nazi. Kila stesheni nilisema ntashuka nirudi. Wembley Park nilisimama kabisa. Mlango ukafungwa mbele ya pua yangu, na Kingsbury ndiyo stesheni inayofuata.

Babako anakaa juu ya duka la Bwana Chaman, la viungo na nguo, hapo hapo Kingsbury Road. Mkewe Bwana Chaman, Bi Hansa, aliponiona na sufuria na vazi lile hakuniuliza mimi nani. Alinifungulia mlango wa pembeni tu. Wahindi wa Mombasa wale, wanajua mambo.

Nikagonga. Akafungua. Suad, amezeeka! Nywele zote pamba, na fulana imetoboka begani, na mimi nilikuwa nimebeba akilini kijana wa miaka thelathini. Akaniangalia uso, akaangalia kanga nyeupe, akaangalia sufuria. Rangi ikamtoka. Akashika mlango akasema, “Nani kafa? Suad?”

Nikasema, “Suad mzima. Zena.”

Maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Peckham yote yalikimbia. Nikasema tena, “Nimekuja kukupa taazia ya Zena, ndugu yangu. Na ya mtoto.” Nikanyosha mkono. Ulikaa hewani, sijui muda gani, chini nasikia Bi Hansa anazungumza na wateja habari za bei ya bizari. Sikuweza kuushusha na sikuweza kuusogeza.

Hakuupokea. Aliichukua sufuria. Akageuka, akaingia nayo, mlango akauacha wazi.

Nikaingia. Hakuniambia karibu, hakuniambia toka. Ana meza moja na kiti kimoja, mimi nikakaa kitandani. Akapakua, akala. Anakula ananipa mgongo. Alikohoa, akanywa maji, akaendelea. Nililia mpaka ncha ya kanga ikarowa na yeye hakugeuka. Nilifikiri labda anakula ili asinisemeze. Nilifikiri labda ananionesha kwamba chakula changu si kitu kwake. Nilifikiri mambo elfu. Wewe uliniuliza watu wako wale ni maadui au si maadui, na pale mwenyewe nisingeweza kukwambia sisi ni nini.

Alipomaliza akaifuta mikono. Akasema, bado kanipa mgongo, “Chumvi imezidi. Zena alikuwa akikwambia kila siku.”

Basi. Hakusema jengine mpaka nikaaga, na nilipoaga aliitikia salamu.

Nimerudi nyumbani na sijui nimesamehewa au nimefukuzwa. Namwuliza Nasim, anasema hiyo ni good sign, dalili njema. Nasim kwake kila kitu simple. Mimi nimekaa hapa tangu jana naiwaza sufuria. Imebaki kule, na wali nusu ndani. Nikiifuata, ataona naitaka sufuria. Nisipoifuata, ataona sitarudi. Na akiileta mwenyewe, Suad, ghorofa nne hizi na kifua kile atazipandaje?

Jamu ya marehemu yule kula kidogo kidogo isiishe upesi. Kura yako sikuulizi tena.

Ila nijibu. Ukinijibu hilo la sufuria tu, bila salamu, mimi ntashukuru.

Shangazi yako,
Time